Kompyuta Mpya Isipowaka: Namna ya Kulifuata Tatizo Hatua kwa Hatua

Kompyuta ya mezani inayoundwa nyumbani kwa vipuri vilivyonunuliwa kimojakimoja hutofautiana na ile inayotoka kiwandani ikiwa kamili kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuiwasha kabla ya siku hiyo. Prosesa ilijaribiwa peke yake kiwandani, RAM vilevile, na pawa saplai vilevile, lakini ushirikiano wa vipuri hivyo huanza kupimwa pale tu mwenye kompyuta anapobonyeza kitufe cha kuwashia kwa mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo, kompyuta mpya kukataa kuwaka si jambo la ajabu, wala si ushahidi kwamba fedha zimepotea, kwa kuwa mara nyingi kosa limo katika namna vipuri vilivyounganishwa, na kosa la aina hiyo hurekebishwa bila kununua kitu chochote.

Hasara huletwa zaidi na kubahatisha. Asiyeona picha kwenye skrini hukimbilia kubadili kadi ya grafiki, na hilo lisipofaa hununua RAM nyingine, na mwisho huamua kwamba ubao wote ni mbovu, ilhali kilichokosekana ni plagi moja ya umeme iliyosahauliwa kwenye kona ya ubao. Njia iliyo bora inatokana na ukweli kwamba kompyuta huwaka kwa hatua zinazofuatana kwa mpangilio maalumu, na hatua moja ikikwama zinazofuata hazifikiwi. Basi anayetambua mashine yake imekwama wapi huwa amekwisha kujua sehemu ya kuchunguza na, jambo lenye thamani kubwa zaidi, sehemu za kuacha bila kuguswa.

Mfuatano wa kuwaka

Kompyuta nyingi zinazoundwa nyumbani hufuata kanuni za ATX, yaani vipimo vya ubao, kasha na umeme vilivyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, ambavyo huwezesha vipuri vya watengenezaji mbalimbali kukaa pamoja. Kwa mujibu wa kanuni hizo, pawa saplai, ambayo ni kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3, haizimiki kabisa maadamu imechomekwa na swichi yake ya nyuma imewashwa, bali hubaki ikitoa mkondo mdogo wa volti 5 wa kusubiri. Kitufe kilicho mbele ya kasha hakipitishi umeme mkubwa. Kazi yake ni kugusanisha kwa muda mfupi pini mbili za ubao mama, ule ubao mkubwa unaobeba vipuri vyote ambao mafundi huuita mazabodi. Ubao ukipata ishara hiyo huiagiza pawa saplai itoe umeme kamili, nayo pawa saplai, volti zake zikishatulia, hurudisha ishara ya kwamba umeme uko sawa. Kutulia huko huchukua sehemu tu ya sekunde, lakini prosesa hairuhusiwi kuanza kazi kabla ya ishara hiyo kufika.

Prosesa, ambayo ndiyo mtekelezaji wa maagizo yote ya kompyuta, ikisharuhusiwa kuanza husoma maagizo ya kwanza kutoka katika chipu ndogo iliyopachikwa kwenye ubao mama. Maagizo hayo huitwa programu dhibiti na yamezoeleka kwa jina la BIOS, ingawa katika mashine za leo nafasi ya BIOS ya zamani imechukuliwa na mfumo wa UEFI. Programu dhibiti hufanya ukaguzi wa kuwaka unaojulikana kama POST, desturi iliyokuwapo tangu kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981, ambapo prosesa huhakikiwa, RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayotumika wakati mashine inafanya kazi, hutambuliwa na kupimwa, kadi ya grafiki huamshwa ili ipeleke picha kwenye skrini, na mwishoni hutafutwa diski yenye mfumo endeshi, yaani programu kuu kama Windows au Linux.

Kutokana na mfuatano huo, matatizo ya kuwaka huangukia katika makundi manne: mashine isiyoonyesha dalili yoyote ya umeme, mashine inayowaka na kuzimika, mashine inayozungusha feni bila kuleta picha, na mashine inayoleta picha lakini isiyopata mfumo endeshi. Kabla ya kugusa kundi lolote kati ya hayo, waya wa umeme wa ukutani sharti uchomolewe kila mara mkono unapoingia ndani ya kasha, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe ili chaji iliyobaki iishe, na anayefanya kazi aguse chuma kisichopakwa rangi ili umeme tuli uliojikusanya mwilini usirukie vipuri. Pawa saplai yenyewe haifunguliwi kamwe, kwa sababu kapasita zake huweza kuhifadhi chaji ya mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa.

Mashine iliyo kimya kabisa

Kompyuta isiyozungusha hata feni moja huchunguzwa kuanzia ukutani kuelekea ndani. Soketi hujaribiwa kwa kifaa kingine kinachojulikana kuwa kizima, swichi ya nyuma ya pawa saplai hutazamwa ili kuona kama imekaa upande wenye alama ya mstari badala ya upande wenye alama ya duara, na plagi kubwa yenye pini 24, inayopeleka umeme mkuu kwenye ubao mama, husukumwa hadi kishikizo chake kisikike kikijifunga. Plagi hiyo huhitaji nguvu kubwa kuliko wengi wanavyotarajia, na inaweza kuonekana imeingia kumbe nusu ya pini zake hazijagusana sawasawa.

Baadhi ya pawa saplai, hasa za zamani, huwa na swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Anayeunda kompyuta Tanzania au Kenya kwa vipuri vilivyoletwa kutoka Marekani, ambako umeme wa majumbani ni wa volti 120, anapaswa kuitazama swichi hiyo kabla ya kuchomeka chochote, kwa kuwa umeme wa Afrika Mashariki ni wa volti 230 hadi 240, na kifaa kilichowekwa kwenye 115 kikipewa volti hizo huungua papo hapo. Hilo ni mojawapo ya makosa machache ya hatua hii ambayo hayana marekebisho.

Ikiwa umeme unafika na mashine bado iko kimya, mshukiwa anayefuata ni waya mwembamba wa kitufe cha mbele. Waya huo huchomekwa kwenye kundi la pini ndogo zilizo ukingoni mwa ubao, na kwa kuwa pini hizo zimesongamana na maandishi yake ni madogo, ni rahisi kuukosea kwa pini moja. Kipimo chake ni rahisi: waya huondolewa, kisha pini mbili zilizotajwa katika kijitabu cha ubao kuwa za kitufe cha umeme hugusanishwa kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine ikiwaka, kosa liko kwenye kitufe au waya wake. Isipowaka, shaka huhamia kwenye pawa saplai au ubao. Mwenye multimita, kifaa cha kupimia volti, anaweza kuthibitisha zaidi, kwani kanuni za ATX kwa muda mrefu zimeitaka njia ya volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, na kipimo kilicho mbali na mipaka hiyo kinatosha kuikataa pawa saplai.

Mashine inayowaka na kuzimika

Mashine ikizungusha feni kwa sekunde moja au mbili kisha ikazimika, maana yake umeme umefika na kitu fulani kimeukata. Pawa saplai nzuri ina saketi za kinga zinazouzima umeme pale zinapohisi shoti, yaani njia ya mkato ambayo umeme haukukusudiwa kuipita. Katika kompyuta iliyoundwa nyumbani chanzo cha kawaida cha shoti ni vinguzo vya chuma vinavyouinua ubao mama kutoka kwenye ukuta wa kasha. Vinguzo hivyo hutakiwa kuwekwa pale tu penye matundu ya ubao, na kinguzo kimoja kilichosahauliwa mahali pasipo tundu hugusa njia za umeme zilizo mgongoni mwa ubao. Skrubu iliyodondoka nyuma ya ubao huleta madhara yaleyale.

Sababu nyingine ni joto. Prosesa za sasa hujilinda kwa kupunguza kasi na hatimaye kuzima mashine joto lake linapofikia takriban nyuzi 100 za Selsiasi, na prosesa isiyo na kipozaji kilichokaa vizuri hufika huko kwa muda mfupi. Wapo wanaosahau kuubandua utando wa plastiki uliobandikwa chini ya kipozaji, na wapo wanaokaza skrubu za upande mmoja tu, hivyo pesti ya kupitisha joto, ambayo kazi yake ni kujaza mianya midogo kati ya prosesa na kipozaji, haigusani na pande zote mbili. Feni ya kipozaji nayo inapaswa kuchomekwa kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN, kwa kuwa programu dhibiti huzitazama pini hizo na isipoona feni ikizunguka huweza kukataa kuendelea.

Hata hivyo, mashine mpya inayojizima na kujiwasha yenyewe mara moja au mbili, kisha ikaendelea, haina ubovu wowote. Programu dhibiti inapokutana na RAM kwa mara ya kwanza hujaribu mipangilio kadhaa ya kasi na volti, na baadhi ya majaribio hayo huhitaji kuanza upya.

Feni zinazunguka, skrini imebaki nyeusi

Kundi hili ndilo linalowasumbua watu zaidi, kwa sababu taa na feni humfanya mtazamaji aamini kwamba mashine iko hai. Kuzunguka kwa feni huthibitisha jambo moja tu, kwamba umeme wa plagi ya pini 24 umefika, na hakusemi lolote juu ya prosesa, ambayo hupata umeme wake kupitia plagi nyingine yenye pini 4 au 8 iliyo kwenye kona ya juu ya ubao. Plagi hiyo ikisahauliwa, feni zote huzunguka na taa zote huwaka huku prosesa ikiwa haina umeme hata kidogo. Iko pia plagi ya pini 8 inayofanana nayo, ile ya kadi ya grafiki, lakini mpangilio wa umeme wake uko kinyume na haipaswi kulazimishwa; hutambulikana kwa kugawanyika kuwa pini 6 na 2, wakati ile ya prosesa hugawanyika kuwa 4 na 4.

Jambo la pili la kutazama ni mahali ilipochomekwa kebo ya skrini. Kompyuta yenye kadi ya grafiki huwa na matundu ya picha sehemu mbili, kwenye ubao mama na kwenye kadi, na kebo inapaswa kuwa kwenye kadi. Aidha, si kila prosesa inaweza kutoa picha bila kadi: prosesa za Intel ambazo majina yake huishia kwa herufi F hazina uwezo huo, na kwa upande wa kampuni ya AMD, prosesa ya Ryzen 5 5600 haina ilhali Ryzen 5 5600G inao. Anayechomeka skrini kwenye ubao wenye prosesa isiyo na grafiki atasubiri picha isiyokuja, ingawa kila kipuri chake ni kizima.

Kadi ya grafiki yenyewe hupata umeme kwa njia mbili. Nafasi ilimochomekwa hutoa hadi wati 75, na plagi ya pini 8 huongeza hadi wati 150, hivyo kadi kubwa isiyochomekewa plagi yake hukaa kimya au huonyesha taa ya onyo.

RAM ndiyo mshukiwa mkuu baada ya hapo. Kipande cha RAM husukumwa hadi vishikizo vya nafasi yake vijifunge, na kwa kuwa mbao nyingi za sasa zina kishikizo upande mmoja tu, ule usio na kishikizo unaweza kubaki juu bila kuonekana. Pale penye nafasi nne, vipande viwili kwa kawaida huwekwa kwenye nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, na kijitabu cha ubao ndicho mwamuzi wa mwisho. Aina nazo haziingiliani: DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini pengo la katikati liko mahali tofauti, kwa hiyo kipande kinachogoma kuingia kisilazimishwe. Subira pia inahitajika, kwa kuwa mbao zinazotumia DDR5, hasa za soketi ya AM5 iliyotolewa na AMD mwaka 2022, huweza kukaa dakika kadhaa zikiwa na skrini nyeusi wakati wa kuwashwa mara ya kwanza, zikiipima RAM. Anayekata umeme katikati ya zoezi hilo huirudisha mashine mwanzo na kujiaminisha kwamba ni mbovu.

Sababu inayowashangaza wengi zaidi ni programu dhibiti iliyopitwa na wakati. Prosesa inaweza kuingia sawasawa kwenye soketi na bado isitambuliwe, kwa kuwa ubao ulitengenezwa kabla prosesa hiyo haijatoka. Mbao za B450, zinazopokea prosesa za AMD, ziliingia sokoni mwaka 2018, wakati prosesa za Ryzen 5000 zilitoka Novemba 2020, kwa hiyo ubao wa B450 uliokaa dukani au kununuliwa ukiwa umetumika huhitaji kwanza kusasishwa. Vivyo hivyo, mbao za Intel za mfululizo wa 600 zilizotengenezwa mwanzoni huhitaji kusasishwa ili zitambue prosesa za kizazi cha 13 zilizotoka mwaka 2022. Mbao kadhaa zina kitufe maalumu kinachowezesha kazi hiyo kufanywa kwa flashi peke yake, hata kama prosesa haitambuliki, na tovuti ya mtengenezaji huorodhesha prosesa zote zinazokubaliwa pamoja na toleo la programu dhibiti linalohitajika.

Mashine yenyewe mara nyingi husema ilipokwama. Mbao nyingi za sasa zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, maana yake prosesa, RAM, grafiki na utafutaji wa mfumo endeshi, na taa inayobaki ikiwaka ndiyo inayotaja hatua iliyoshindikana. Mbao za bei kubwa huonyesha tarakimu mbili, na nyingine hutoa milio kupitia spika ndogo, ambayo idadi na urefu wake hufafanuliwa katika kijitabu. Kusoma ishara hizo kabla ya kuchomoa chochote huokoa saa nzima za kubahatisha.

Kupunguza vipuri hadi vile vya lazima

Ishara zisipotosha, njia iliyo ya hakika ni kubakisha vipuri ambavyo ukaguzi wa kuwaka hauwezi kufanyika bila hivyo: pawa saplai, ubao mama, prosesa na kipozaji chake, kipande kimoja cha RAM, na kadi ya grafiki ikiwa prosesa haina grafiki. Diski, flashi, feni za ziada na waya za mbele ya kasha huondolewa, na mashine huwashwa kwa ncha ya bisibisi kama ilivyoelezwa awali. Ubao unaweza hata kutolewa kwenye kasha na kulazwa juu ya kadibodi kavu, jambo linalofuta kwa mara moja uwezekano wote wa shoti ya vinguzo. Ikiwa mashine inawaka katika hali hiyo, vipuri vilivyoondolewa hurudishwa kimoja baada ya kingine, na mashine huwashwa kila kinaporudishwa, mpaka kile kinachosababisha kukwama kijionyeshe chenyewe. Ikiwa haiwaki, vipande vya RAM hujaribiwa kimojakimoja katika nafasi tofauti, na mipangilio ya programu dhibiti hufutwa kwa kugusanisha pini zilizotajwa kijitabuni, au kwa kutoa kwa dakika chache betri ya mviringo ya CR2032 inayohifadhi saa na mipangilio, umeme ukiwa umechomolewa.

Kanuni inayolinda kazi yote hii ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadili RAM, kebo na mipangilio kwa pamoja, kisha mashine ikawaka, hajui kilichoiponya, na tatizo likirudi hana pa kuanzia.

Hatua ya mwisho kabla ya kuulaumu ubao ni kuikagua soketi ya prosesa kwa mwanga mzuri. Katika soketi kama LGA1700 ya Intel na AM5 ya AMD, pini ziko kwenye ubao na ni laini kiasi kwamba kuguswa kidogo kwa kidole huzipinda, na pini moja iliyopinda inaweza kuifanya nusu ya nafasi za RAM isifanye kazi. Katika soketi ya AM4 ya AMD pini ziko chini ya prosesa yenyewe.

Picha ipo, mfumo endeshi haupo

Mashine inapoonyesha ukurasa wa programu dhibiti, sehemu kubwa ya hofu inaweza kuwekwa kando, kwa kuwa prosesa, RAM na grafiki zimepita ukaguzi. Ujumbe unaosema kwamba hakuna kifaa cha kuwashia ni wa kawaida kwa kompyuta mpya, kwani diski yake ni tupu na mfumo endeshi bado haujawekwa. Lililo la kuthibitisha ni kwamba diski inaonekana katika ukurasa huo. Diski bapa za M.2 ni za aina mbili, zile za SATA na zile za NVMe, na si kila nafasi hukubali aina zote mbili; tena katika baadhi ya mbao kuchomeka diski ya M.2 huzima moja au mawili ya matundu ya SATA, na diski iliyochomekwa humo hutoweka bila kuwa na ubovu.

Diski iliyotoka katika kompyuta ya zamani huleta tatizo jingine, kwa kuwa mfumo wake endeshi huenda uliwekwa kwa utaratibu wa BIOS ya kale, ambao mgawanyo wake wa diski hauwezi kutumia zaidi ya terabaiti 2 hivi, ilhali mashine mpya inatarajia utaratibu wa UEFI. Katika hali hiyo ni heri kunakili mafaili na kuweka mfumo upya. Anayeweka Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, atahitaji pia kuwasha TPM 2.0, yaani sehemu inayotunza funguo za usalama, ambayo kwenye mbao nyingi imo lakini huenda imezimwa.

Mashine ikianza kukwama baada ya kuwashwa kwa mipangilio ya XMP au EXPO, inayoipandisha RAM hadi kasi iliyoandikwa kwenye lebo yake, dawa ni kufuta mipangilio na kurudi kwenye kasi ya msingi.

Kipuri kinapothibitika kuwa kibovu

Baada ya hatua hizi zote, kipuri huhesabiwa kuwa kibovu pale tu kinaposhindwa katika mashine nyingine iliyo nzima, au pale kipuri kizima cha aina yake kinapofanya kazi mahali pake. Katika majaribio hayo kuna tahadhari moja isiyosameheka ikipuuzwa: kebo za pawa saplai zinazochomoka pande zote mbili hazina kanuni moja upande wa pawa saplai, na kebo ya kampuni moja ikichomekwa kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine, au hata ya toleo lingine la kampuni ileile, inaweza kupeleka volti 12 mahali palipotakiwa volti 5 na kuunguza diski zote kwa mara moja.

Mwenye kompyuta anayeandika kila jaribio alilofanya, taa iliyowaka, na kipuri kilichobadilishwa, humpelekea muuzaji wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi madai yanayoweza kuthibitishwa mbele yake, na dhamana ikiwa bado hai ana nafasi nzuri zaidi ya kupewa kipuri kingine kuliko yule anayesema tu kwamba mashine haiwaki. Maandishi hayo humfaa pia fundi, ambaye hataanza upya wala kutoza malipo kwa kurudia yaliyokwisha kufanywa. Kompyuta si kitu cha siri kinachohitaji kuogopwa na mtu wa kawaida. Mpangilio wake wa kuwaka unajulikana, ishara zake zimeandikwa kijitabuni, na kila mwenye subira ya kuifuata hatua baada ya hatua anaweza kuitengeneza nyumbani kwa bisibisi moja.